Kiyoyozi cha Inveta Nyumbani Malindi: Tathmini Baada ya Kaskazi Mbili

Tathmini hii inahusu kiyoyozi cha inveta chenye uwezo wa BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinachotumia gesi ya R32, ambacho familia yetu imekitumia kwa kaskazi mbili mfululizo, yaani misimu miwili ya joto, katika nyumba yetu ya mtaa wa Shella, hapa Malindi. Inahusu pia kazi ya mafundi waliokifunga na ya fundi mwingine aliyekuja baadaye kuirekebisha, kwa sababu mtu hawezi kukisifu wala kukilaumu kifaa cha aina hii bila kueleza kilifungwaje na kiliwekwa katika chumba cha namna gani. Chapa sitaitaja. Mashine za uwezo huu na gesi hii huuzwa kwa chapa nyingi zinazokaribiana sana, na katika niliyoyaona, mazuri na mabaya, hakuna ninaloweza kusema lilikuwa la chapa yangu peke yake.

Kabla ya hapo chumba hicho kilikuwa na kiyoyozi cha zamani cha BTU 18,000, cha mwendo mmoja, chenye gesi ya R22, tulichokikuta ukutani tuliponunua nyumba. Hatukukitumia sana hadi mama mkwe wangu, ambaye amevuka miaka 80 na ana maradhi ya shinikizo la damu, alipohamia kwetu kutoka Lamu na kulala humo pamoja na mjukuu wake. Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na kusi, upepo wa msimu wa baridi, bado haijaingia, fukuto la usiku humfanya hata kijana agaegae mpaka alfajiri, na kwa mzee wa umri wake lilikuwa jambo la hatari. Tukawa tunakiwasha kila usiku. Fundi wa umeme alinifungia mita ndogo kwenye laini ya kiyoyozi peke yake, nami nikaanza kuandika daftarini: kwa saa tisa, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kilikula uniti 11 hivi. Uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ilikuwa ikitugharimu karibu shilingi 30 pamoja na kodi na tozo, na tangu Aprili 2023 mteja wa nyumbani anayevuka uniti 100 kwa mwezi huwekwa katika daraja la bei ya juu kuliko aliye chini ya hapo. Kiyoyozi kile kilitosha kutuvusha mpaka huo hata kabla ya mwezi kufika nusu.

Ni vyema nieleze kwanza kifaa chenyewe hufanya nini, kwa maana asiyelijua hili atanunua nyota na namba bila kujua zinamletea nini. Kiyoyozi ni pampu ya joto. Kazi yake ni kulichota joto lililoingia chumbani na kulimwaga nje, kama baharia afuavyo maji kwenye ngama ya chombo kwa upo, yaani kuyachota na kuyamwaga baharini. Gesi ikiwa katika hali ya majimaji hupita kwenye koili ya ndani, ikachemka na kuwa mvuke kwa kulifyonza joto la hewa ya chumba. Kompresa huukamua mvuke huo mpaka ukawa moto kuliko hewa ya nje. Koili ya nje huliachia joto hilo kwenye upepo na mvuke ukarudi kuwa majimaji. Kisha kilango chembamba huushusha mgandamizo na safari ikaanza upya. Umeme tunaoulipia huendesha kompresa na mafeni tu, ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu au nne za joto. Katika nchi za baridi kama Uswidi na Norwe mashine za jamii hii huzungushwa kinyume, zikalichota joto la nje na kulimwaga ndani ya nyumba. Kanuni haibadiliki: kadiri tofauti ya joto kati ya ndani na nje inavyokuwa kubwa, ndivyo kila uniti ya umeme inavyohamisha joto kidogo zaidi, na kadiri chombo kinavyovuja, ndivyo baharia anavyofua bila kupumzika.

Neno inveta lisichanganywe na ile inveta ya sola. Hapa lina maana kwamba kompresa inaweza kupunguza au kuongeza mwendo wake. Mashine ya zamani ilijua kuwaka kwa nguvu zote au kuzima, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa chumba cha mita nne kwa tatu na nusu, ilikuwa ikipoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijaukausha unyevu. Tulikuwa tukilala katika baridi yenye majimaji, mashuka yakanata mwilini, nasi tukazidi kushusha nyuzi kwenye rimoti tukidhani baridi haijatosha. Mashine mpya huanza kwa kasi, kisha ikishakaribia kiwango tulichokiweka hupunguza mwendo na kubaki ikinong'ona usiku kucha. Tofauti hiyo mama mkwe aliiona usiku wa kwanza, akaniambia asubuhi, "Mwanangu, leo godoro ni kavu."

Dukani tulioneshwa lebo ya nyota za ufanisi wa umeme, ambayo hapa Kenya hubandikwa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2016 zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, ikianzia nyota moja hadi tano. Lebo hiyo ni ya kweli na inafaa kuangaliwa, ila mnunuzi wa pwani aielewe. Kwa kawaida viyoyozi hupimwa katika maabara ambamo hewa ya nje ni nyuzi 35 na ya ndani ni nyuzi 27, yenye unyevu ambao haufiki hata nusu ya kiasi ambacho hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Usiku wa Machi kipimo changu cha unyevu nilichokitundika dirishani kwa nje huonesha asilimia zaidi ya 80. Nje kwetu hakufiki nyuzi 35 usiku, na hilo ni nafuu kwa mashine, lakini mzigo wake mkubwa unakuwa maji yaliyomo hewani, na lebo haikuahidi chochote juu ya maji hayo.

Sasa nije kwenye ufungaji, ambako ndiko tulikopata hasara. Mafundi waliotumwa na duka walifika wawili, wakamaliza kazi kwa muda usiotimia saa mbili, nasi tukawashukuru kwa wepesi wao. Mashine ya nje waliitundika kwenye ukuta unaotazama baharini, chini ya ukingo mpana wa paa, katika pembe ambamo hewa ya moto iliyotoka ilikuwa ikigonga ukuta wa jirani na kurudi ilikotoka. Mabomba waliyaunganisha, wakafungua gesi kidogo ili iisukume nje hewa iliyokuwa ndani, wakakaza nati na kuondoka. Usiku wa mwanzo mita ilisoma uniti sita na ushei. Baada ya miezi mitatu ilisoma nane, na chumba hakikuwa kikifika tena nyuzi tulizoziomba. Nilipopiga simu dukani niliambiwa kwamba gesi huisha baada ya muda na kwamba watatuma mtu wa kuiongeza kwa malipo. Mashine ilikuwa ndani ya muda wa dhamana.

Fundi wa pili nilielekezwa kwake na mwalimu mwenzangu. Alipolisikia hilo la gesi kuisha alitikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, gesi si mafuta ya gari kwamba inatumika ikaisha. Ikipungua, basi ina mahali inapotokea." Alipaka povu la sabuni kwenye viungio vyote, na kwenye nati moja ya mashine ya nje povu likaanza kufura. Alichokifanya baada ya hapo ninakieleza kwa kirefu ili msomaji ajue kazi kamili inafananaje na aidai anapolipa fedha zake. Aliikusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani. Alikata ncha ya bomba la shaba lililokuwa limekunjwa vibaya, akaichanua upya na kuikaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Alijaza naitrojeni kwa mgandamizo mkubwa, akatuacha tunywe chai huku akiitazama saa yake ya kipimo kama inashuka. Ilipokaa pale pale, aliitoa na kuunganisha pampu ya kufyonza hewa, ambayo ilinguruma zaidi ya dakika 40 mpaka mabomba yakabaki matupu kabisa. Mwisho aliuweka mtungi wa gesi juu ya mizani na kujaza uzito ule ule ulioandikwa kwenye kibati cha mashine, gramu kwa gramu.

Nilimuuliza sababu ya kufyonza hewa wakati wenzake waliifukuza kwa gesi yenyewe. Alinieleza kwamba hewa ikibaki ndani haigandamiziki na kuwa majimaji kama gesi, hivyo hukaa kwenye koili ya nje ikiziba nafasi na kuupandisha mgandamizo, na kompresa ikawa inasukuma mzigo usiohusika. Tena hewa ya Malindi haikosi mvuke wa maji, na maji yakichanganyika na mafuta ya kompresa huanza kuila mashine kwa ndani. Kazi yote ilichukua zaidi ya nusu siku na alitutoza shilingi 9,000. Usiku ule mita ilirudi kusoma uniti sita, na tangu hapo haijapanda tena kwa sababu ya gesi. Kwa maoni yangu, huyu ndiye anayestahili sifa kubwa kuliko mashine.

Lakini alipokuwa akikusanya vifaa vyake aliutazama mfereji mdogo wa plastiki unaotoa maji nje, uliokuwa ukichuruzika bila kukoma ingawa mashine ilikuwa imewashwa kwa muda mfupi tu, akaniambia, "Hebu weka ndoo hapo usiku mmoja, Mwalimu, uone unalipia nini."

Niliweka. Asubuhi nilipima kwa kibaba cha lita moja, nikapata lita 11. Sikuamini, nikarudia usiku wa pili na wa tatu, ikawa kati ya 10 na 11 na nusu. Watu wawili waliolala hawawezi kutoa maji hayo kwa pumzi na jasho lao. Lita moja au moja na nusu ndiyo inayoweza kutoka kwao. Zilizobaki ziliingia na hewa ya bahari kupitia madirisha. Madirisha yetu yalikuwa ya luva, vile vipande vya vioo vinavyopandiana, ambavyo hata ukivifunga kwa nguvu zako zote utauona mwanga wa taa ya mtaani ukipenya katikati yake. Kila penye upenyo wa mwanga pana upenyo wa hewa, na kila hewa inayoingia ina mvuke wake.

Hesabu yake ni rahisi kwa anayetaka kuifuata. Mvuke ukigeuka kuwa lita moja ya maji kwenye koili huachilia joto la karibu uniti 0.7, nalo joto hilo sharti lihamishwe nje kama joto jingine lolote. Lita 11 ni zaidi ya uniti saba za joto, na kwa mashine inayohamisha uniti tatu na nusu za joto kwa kila uniti ya umeme, ni uniti mbili za umeme kila usiku, theluthi ya matumizi yote, zikilipwa kwa ajili ya kuikausha hewa ambayo haikupaswa kuingia. Nimekuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi, na sijawahi kuona hesabu iliyoniumiza moyo kama ile iliyokuwa ndani ya ndoo ya bluu.

Tulianza na madirisha. Seremala aliziondoa luva za dirisha moja na kutia fremu ya kioo cha kusukuma chenye mpira pembeni, na la pili, ambalo halifunguliwi, tuliliziba kwa silikoni. Chini ya mlango tuliweka ukanda wa mpira. Hapa natoa tahadhari kwa sababu ninaijali afya ya mzee wangu kuliko uniti: chumba kisizibwe kama mtungi. Tuliacha tundu dogo juu ya mlango linalopitisha hewa ya ukumbini, na asubuhi madirisha hufunguliwa yote. Ninachokizungumzia ni kuzuia hewa inayoingia ovyo usiku kucha kupitia mianya ambayo hakuna aliyeipanga. Gharama ya dirisha, silikoni na mpira haikuzidi shilingi 12,000. Ndoo ilishuka hadi lita tano.

Baada ya madirisha, paa. Nyumba yetu, kama nyingi zilizojengwa Malindi miaka ya karibuni, ina kuta za mawe ya matumbawe yaliyokatwa kwa mashine, paa la mabati na dari la jasi. Saa nne usiku nilipanda ngazi na kuugusa ubao wa dari, nao ulikuwa bado na joto la kikombe cha chai kilichoachwa mezani kwa muda. Jua hutua kabla ya saa moja, lakini joto lililolimbikwa chini ya mabati mchana kutwa huendelea kushuka vichwani mwetu hadi usiku wa manane, huku mashine ikilichota na kulirudisha nje. Tulitandika juu ya dari mablanketi ya nyuzi za kioo yenye unene wa inchi tatu, na chini ya mabati karatasi ya kung'aa inayorudisha mionzi, tukaacha nafasi ya hewa kupita pembeni mwa paa. Kwa chumba hicho kimoja tulitumia shilingi 19,500 pamoja na ujira. Atakayeifanya kazi hii ahakikishe mafundi wamevaa barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, kwani nyuzi hizo huwasha ngozi na hazifai kuingia kifuani.

Mama mkwe alizitazama shughuli hizi zote kwa mshangao. Nyumba aliyozaliwa Lamu ina kuta zenye unene wa karibu nusu mita, vyumba vyembamba kwa kipimo cha urefu wa boriti za dari, dari la mawe na chokaa, na kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati kinachovuta hewa ya moto juu na kuipa njia. Anasema katika nyumba ile mtu aliweza kulala Machi kwa upepo tu. Ninamwamini, na naona uchungu kwamba tuliacha ujenzi uliozuia jua na fukuto kwa ukuta wenyewe, tukachukua ukuta mwembamba na bati, kisha tukaiomba mashine itulipie pengo hilo kwa tokeni. Hatuwezi kuzijenga kuta zile upya kwa fedha zetu, ila kivuli chake tunaweza kukirudisha: upande wa magharibi tumejenga kibaraza cha makuti kinacholizuia jua la alasiri lisipige ukuta wa chumba, na kwa mkono wangu kwenye ukuta ninaihisi tofauti.

Kazi ya madirisha na dari ilipokamilika, mita ilisoma uniti nne na nusu. Kilichobaki kilikuwa mazoea yetu. Tulikuwa tumeweka rimoti kwenye nyuzi 24, wakati mwingine 22, kwa mazoea ya mashine ya zamani. Tulipandisha hadi 27 na kuwasha pangaboi kwa mwendo wa chini kabisa. Hewa kavu inayotembea hulipoza jasho upesi, hivyo mwili huona nafuu ile ile kwa nyuzi nyingi zaidi, na pangaboi letu hula nusu uniti tu kwa usiku mzima. Sasa, tukijumlisha pangaboi na kiyoyozi, tunatumia uniti tatu na kidogo kwa saa tisa zile zile ambazo zamani zilitumia 11. Mama mkwe hulala vizuri, na mjukuu hajifuniki tena blanketi katikati ya Machi.

Kuhusu chumvi, mkazi wa Malindi hahitaji kuambiwa inavyofanya kwa chuma. Mapezi ya alumini ya koili ya nje huliwa taratibu, hasa wakati wa kusi, na mapezi yaliyolika au kuzibwa hayaliachii joto vyema, jambo linalomrudisha baharia wetu kwenye kufua kwa nguvu zaidi. Fundi wa pili aliihamishia mashine ya nje upande wa uani, mbali na upepo wa bahari, chini ya kivuli cha mwarobaini, ikiwa na nafasi ya kutosha nyuma na mbele yake. Majani ya mwarobaini huingia na inabidi kuyatoa, ila hiyo ni kazi ndogo kuliko chumvi. Kila mwezi tunaikatia umeme na kuisuuza kwa maji baridi ya mfereji yasiyo na nguvu nyingi, tukijiepusha na maji ya kisima chetu kwa kuwa nayo yana chumvi. Chujio la ndani tunalifua kila baada ya wiki mbili. Atakayenunua aulize kama koili ya nje imepakwa rangi ya kinga, na aisome dhamana kwa makini: ile yetu inaidhamini kompresa kwa miaka kumi, lakini kutu itokanayo na chumvi imeondolewa waziwazi katika aya ya mwisho.

Kelele za mashine ya ndani ni ndogo mno. Rimoti ina maandishi madogo ambayo mzee hawezi kuyasoma, kwa hiyo tumebandika karatasi yenye namba 27 ukutani. Umeme unaporuka, mashine hukaa dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo tumeilinda kwa stabilaiza, kwani bodi yake ya elektroniki ndiyo sehemu ghali na dhaifu kuliko zote.

Gesi ya R22 iliyokuwa kwenye mashine ya zamani huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R32 haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikivuja huipasha dunia joto mara 675 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. R410A, gesi nyingine ya viyoyozi ambayo bado inauzwa, ni zaidi ya mara 2,000. Ndiyo maana nilimheshimu fundi aliyeikusanya gesi kwenye mtungi. R32 pia inaweza kushika moto kwa kiasi, hivyo asiruhusiwe mtu kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi ndani.

Mdogo wangu, mwenye nyumba ndogo ya wageni Watamu, amefunga pampu ya joto ya jamii nyingine: tangi la lita 150 linalochota joto la hewa na kulitia kwenye maji ya kuoga. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 27 hadi 50 kwa hita ya bafuni ya kawaida kungehitaji uniti nne. Yeye hutumia uniti moja na robo hivi. Ameliweka tangi ndani ya stoo ya mashuka, na hewa baridi na kavu inayotoka kwake imeondoa kabisa ile harufu ya ukungu iliyokuwa ikiwakera wageni. Kwa nyumba ya wageni naipendekeza. Kwa familia kama yetu, ambayo maji ya moto huhitajika na mzee mmoja wakati wa kusi, bei yake haiwezi kurudi.

Mume wangu amekuwa akitaka tutie sola. Zamani wazo hilo halikuwezekana, kwa kuwa kiyoyozi huhitajika usiku, na betri za kuhifadhi uniti 11 zingetumaliza. Uniti tatu ni jambo jingine, na mwaka huu tumeanza kuulizia bei.

Jumla ya gharama zetu ni shilingi 74,000 za mashine, 9,000 za fundi, 12,000 za kuziba na 19,500 za dari. Kubadilisha mashine kumetuokolea uniti tano kila usiku, na kazi ya chumba pamoja na pangaboi karibu uniti tatu, kwa chini ya nusu ya bei ya mashine. Kwa hiyo kifaa nakipa sifa zake zote: ni kimya, hukausha hewa, na kinatumia umeme kidogo kikifungwa sawasawa. Kosa letu lilikuwa la mpangilio. Tungeanza na dirisha na dari, mzigo wa chumba ungepungua kiasi kwamba mashine ya BTU 9,000 ingetosha, nayo ni ya bei nafuu zaidi. Wafungaji wa duka lile siwapendekezi kwa mtu yeyote, na anayenunua mashine ya R32 amuulize fundi kabla ya kumlipa kama anayo pampu ya kufyonza hewa na mizani. Akijibu kwamba havihitajiki, amtafute mwingine.

Chumba cha watoto bado hakina kiyoyozi. Mwezi uliopita tulikitandikia dari kwa mablanketi yale yale na kuyabadilisha madirisha yake, na kipimo cha unyevu kimetundikwa humo kikisubiri kaskazi. Ikifika Machi nao bado wanalala kwa pangaboi peke yake, hatutanunua mashine ya pili.